Fundo Tupu la Minago

Kila asubuhi kabla ya shule, Sumaya alipitia ufukweni mwa ziwa, Rumonge, kupanga habari za mawimbi. Kwenye kibanda cha shangazi yake Batuli, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, zilining'inia kamba zenye mafundo, kila bandari na yake: moja ya Minago, nyingine ya Gatete, nyingine ya Nyanza-Lac. Waendesha baiskeli waliobeba mawese walileta habari, naye Sumaya akafunga kipande cha ndala kuukuu kwenye fundo la siku hiyo. Cha buluu kilimaanisha ziwa shwari, chekundu mawimbi makubwa. Kamba zilikuwa mali ya wote. Yeyote alisoma bure, na aliyeona kosa alilisahihisha.

Siku hiyo baiskeli ya Minago haikufika. Bunduki zilikuwa zimelia milimani, na barabara ilifungwa. Sumaya alilitazama fundo tupu, akakumbuka wavuvi walivyomcheka juzi alipoacha moja bila rangi: "Eh, mutoto wa Nasoro, leo umelala?" Hapa Rumonge maji yalikuwa yametulia. Basi akafunga buluu, akachukua mkoba wake.

Hajapiga hatua, akamwona Aksanti, rafiki yake wa darasani, kajitwika furushi.

"Baba yako anatupeleka Minago na mutumbwi, mimi na mama," alisema Aksanti. "Bibi iko mugonjwa sana. Bahati kamba iko buluu!"

Sumaya aliigeukia ile buluu. Aksanti hakujua kuogelea hata kidogo. Kusema kweli mbele ya wavuvi wote ilikuwa aibu tupu, lakini aibu haizamishi mtu. Alitupa mkoba, akatimua mbio hadi majini.

"Baba, usiende! Hakuna aliyekuja kutoka Minago. Ile buluu nimeiweka tu."

Wavuvi waliguna. Nasoro alikunja uso. "Kwa nini?"

"Niliogopa kuacha fundo tupu. Wangeniita mvivu."

Nasoro alimtazama mama yake Aksanti, kisha akaurudisha mtumbwi mchangani. "Tungoje," alisema.

Mchana boti moja kutoka Minago iliingia ikiyumba. Abiria walikuwa wameloa chapachapa, na mmoja bado alikuwa akichota maji botini kwa sufuria.

"Kule mawimbi iko mabaya!" alipaza sauti. "Mungu ametuponya."

Mama yake Aksanti alimkumbatia Sumaya huku machozi yakimtoka. "Murakoze, asante sana, mwanangu."

Sumaya alirudi kibandani kichwa chini, akijua hajamalizana na shangazi.

"Umedanganya, na hilo ni kosa lako," alisema Batuli. "Lakini sisi wakubwa tulikupa rangi mbili tu. Hatukukupa namna ya kusema hatujui." Alifungua kile cha buluu, akafunga chekundu. Kisha akachana ukambaa mkavu wa mgomba, akamtia mkononi. "Habari isipofika, funga huu."

Kesho yake baiskeli haikuja tena. Sumaya alifunga ukambaa. Uledi, bingwa wa kutania wavuvi wenzake, akasogea.

"Leo hamujui?"

"Hatujui, kaka Uledi."

Uledi hakucheka. Alikunja nyavu zake, akaketi kungoja.

Barabara ilipofunguliwa, Aksanti na mama yake walisafiri salama, wakamkuta bibi ameanza kupata nafuu. Mwendesha baiskeli aliyerudi alisema kwamba Aksanti aliwasimulia watu wa Minago, nao sasa wanafunga ukambaa kwenye kamba zao.

"Unaona, mwanangu?" Batuli alimwambia Sumaya. "Mtu asiyeona haya kusema hajui, siku akisema anajua, watu humkabidhi roho zao."