Nilimwosha Mama kwa Mafuta ya Nguruwe

Nina miaka thelathini na tisa, mama wa watoto wawili, Mnubi wa Kibera. Anayetaka kunicheka na acheke... mimi machozi yangu hayajakauka.

Kwetu mama akifa, binti ndiye humwosha. Mama yangu alikuwa mkali wa halali, hata sabuni za dukani alizishuku. Alipoanza kuugua alinishika mkono akanisihi nisimwoshe kwa sabuni yenye mafuta ya mnyama asiyemjua. Nikamwahidi.

Wasiwasi wa nini? Rafiki yangu Wanjiru wa Kawangware alipika sabuni za miche. Aliniapia ni mawese na nazi, mimea mitupu! Tulizaa pamoja, tukalea pamoja. Ningemshuku vipi? Niliwauzia sabuni hizo Waislamu wenzangu hadi mtaa wa Ayany, nikiwahakikishia kwa jina langu.

Mama akafariki. Nilimwosha polepole kwa sabuni ya Wanjiru, povu likijaa viganjani, nikijiambia nimetimiza ahadi.

Baada ya khitma ya kumwombea mama nilimpelekea Wanjiru pilau, kumshukuru kwa kusimama nami msibani. Nilimkuta uani akiyeyusha shahamu kwenye sufuria. Kando palikuwa na karai la vipande vingine, ngozi ya nguruwe bado imeshikana navyo... Niliitua pilau chini.

Nilimuuliza ameanza lini. Akainamisha kichwa, akasema ni kabla mama hajafa.

"Mawese ilipanda bei, Mama Zuhra. Na ikishakuwa sabuni, si ni sabuni tu?"

Alijua ninamwosha mama kwa sabuni yake, na alinyamaza!

Ustadhi wa msikitini kwetu alinituliza kwamba asiyejua hana dhambi, na mama hana doa. Nashukuru. Lakini aliyemwahidi mama si ustadhi, ni mimi. Majirani nao waliposikia walinirudishia miche yao mlangoni, wengine bila hata salamu. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Wasomaji wenzangu, povu na harufu ya maua visiwapumbaze. Hata gliserini hutoka kwenye mawese au kwenye shahamu, na jina ni lile lile. Ulizeni asili yake kabla ya kununua. Wala usimwapie mtu kwa kitu ambacho hukukiona kikipikwa, hata kama mpishi ni rafiki wa kufa na kuzikana.

Nguo niliyoifua vibaya nitaifua tena kesho. Mama nitamwosha tena wapi?