Kathini, Mheshimiwa na Kivuli cha Fimbo

Kila alasiri akitoka shule, Kathini alipitia jikoni kwanza. Hakwenda kula, ingawa njaa alikuwa nayo. Alikwenda kuchukua maji. Mama yake hakumwaga hata tone la maji yaliyooshewa mboga au mchele. Aliyaweka ndani ya mtungi wa manjano karibu na mlango, na Kathini aliubeba mpaka shambani, akibadilisha mkono kila ulipochoka, huku maji yakimrukia soksi.

Shamba lilikuwa nje kidogo ya mji wa Kitengela, kwenye uwanda mkavu ambapo vumbi halipumziki na punda milia hupita wakichungulia mboga za watu. Lilizungushiwa ua wa miiba, nalo halikuwa la mtu mmoja. Kabla ya msimu kuanza, kila familia ilitoa ilichoweza. Wengine walitoa pesa za mbegu, wengine nguvu za kuchimba mashimo ya kupandia, naye Lemayian, mfugaji aliyeishi ng'ambo ya barabara, alileta mbolea kwa mkokoteni. Kisha kila kilichovunwa kiligawanywa sawa. Mvua ikiwa njema wote walishiba, na jua likikaza wote walipunguza.

Msimu huo jua lilikaza kwelikweli. Nyanya zilikuwa ndogo, na sukuma wiki ilisinyaa kila adhuhuri kama inayoomba radhi. Maboga yote yalikauka yakiwa machanga, isipokuwa moja. Hilo lilizidi kunenepa ndani ya shimo lake, limetandikiwa nyasi kavu, limekaa kivulini. Watoto walilibandika jina la Mheshimiwa, kwa sababu kazi yake ilikuwa kukaa tu na kuhudumiwa.

Mhudumu mkuu alikuwa Kathini. Yeye ndiye aliyemletea Mheshimiwa maji, akamfukuzia panzi na kumpangusa vumbi kwa pindo la sweta ya shule. Basi ungemlaumu vipi kwa kuanza kumwona kuwa wake?

"Ruqia," alimwambia rafiki yake siku ya Ijumaa, "kesho Susu anakuja kutoka Kitui. Nimemtumia habari kwamba nitampikia boga kubwa kuliko kichwa chake." Susu ndivyo Wakamba wanavyomwita nyanya.

Ruqia, binti wa Mzee Haibe mwenye duka la nguo mjini, alicheka. "Na kama kesho boga litaenda kwa mwingine? Si unajua mgao wetu?"

Kathini aliujua vizuri sana. Kila Jumamosi jioni mboga zilipangwa mafungu chini, juu ya magunia, fungu moja kwa kila familia. Mtoto mmoja aliyageuzia mafungu mgongo. Mama Kalunde, mwenyekiti wa shamba, alitembea huku na huku katikati ya mafungu akiwa na fimbo, akagusa moja na kuuliza, "Hili la nani?" Mtoto akataja familia bila kuangalia. Hapo mjadala ulikwisha, maana hakuna aliyechagua. Na msimu huo mtoto wa kugeuza mgongo alikuwa Kathini mwenyewe.

Ruqia alipoondoka, Kathini aliinama kummwagilia Mheshimiwa maji ya mwisho. Jua lilikuwa limeshuka nyuma yake. Kivuli chake kilikuwa kirefu mbele yake, na alipoinua mtungi, kivuli cha mtungi nacho kiliinuka. Wazo lilimwingia bila kubisha hodi, na badala ya kulifukuza, alilikaribisha.

Jumamosi ilifika kwa kelele na vicheko. Mafungu yalipangwa kwa mstari, na Mheshimiwa akawekwa kwenye fungu la mwisho kabisa, pamoja na majani machache tu ya sukuma ili mizani isawazike. Kwa kawaida, mtoto wa mgao alielekea Vilima vya Ngong upande wa magharibi, jua likimpiga usoni mpaka machozi yamtoke.

"Mama Kalunde," Kathini alisema, "leo macho yananiuma. Naweza kuangalia upande ule wa Athi River?"

"Angalia hata Mombasa, mwanangu, bora usigeuke!" Mama Kalunde alijibu, na watu wakacheka. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, ambaye hakuonekana shambani bila gambuti.

Mafungu yakahamishiwa upande wa pili, nyuma ya mgongo wa Kathini. Sasa jua lilikuwa nyuma ya watu wote, na vivuli vikanyooka mbele yake ardhini. Aliviona wazi: kofia ya Mama Kalunde, mkono wake, na fimbo.

"Hili la nani?"

"La Mzee Haibe."

"Na hili?"

"La Lemayian."

Kivuli cha kofia kilikwenda, kikarudi, kikapita. Mwishowe kikafika mwisho wa mstari, na fimbo ikashuka.

"Hili la nani?"

"Letu," alisema. "La Mama Kathini."

Shamba zima lililipuka kwa shangwe. Ruqia alimrukia shingoni. Mama Kalunde alicheza na gambuti zake, vumbi likatimka. "Mungu anaona!" alipaza sauti. "Huyu mtoto amelibebea maji msimu mzima, na leo limemjua mwenyewe!" Mzee Haibe alimpa mkono kama anayempongeza mtu mzima. Hakuna hata mmoja aliyenung'unika, na hilo ndilo lililomchoma Kathini. Angependa angalau mtu mmoja akasirike.

Susu aliwasili jioni hiyo akiwa na kapu la mtama na stori za safari. Alipoliona boga mezani alishika kiuno.

"Kathini wangu! Hili ni boga ama ni ndama?"

Kathini alijaribu kucheka. Ndugu yake mdogo, Nzuki, ndiye aliyesimulia habari yote ya mgao, huku akirukaruka. Susu alisikiliza, macho yaking'aa. Kisha akachukua kisu, lakini kabla ya kukata aliinamisha kichwa kuomba, kama desturi yake.

"Asante Mungu," alisema, "kwa sababu mjukuu wangu aligeuza mgongo, na wewe ukaangalia kwa niaba yake."

"Susu, usilikate!"

Wote walimgeukia. Kathini alikuwa analia. Alieleza yote, kuhusu jua, kivuli na macho ambayo hayakuwa yanauma hata kidogo.

"Kathini!" mama yake alisema. "Watu walikupigia makofi! Nitawaangalia na uso gani?"

Susu hakupandisha sauti. Alirudisha kisu kabatini. "Mimi nimekula maboga tangu utotoni, siwezi kufa nikikosa moja," alisema. "Leo tutakula sukuma na ugali. Lakini kesho, mjukuu wangu, hili boga utalirudisha wewe mwenyewe, na mdomo wako mwenyewe utasema. Mimi niko na wewe."

Kathini hakuionja ladha ya ugali ule.

Jumapili alasiri, baada ya kanisa, familia zilipokusanyika kwa zamu ya maji, Kathini aliingia shambani akisukuma wilibaro, Susu akimfuata nyuma. Mheshimiwa alikuwa amekaa ndani kama kawaida yake, akiendeshwa. Watu walianza kutania, lakini walipouona uso wa Kathini wakaacha. Aliwaambia. Hakuficha lolote. Ruqia akaja akasimama kando yake.

Mama Kalunde alivua kofia, akajikuna kichwa. "Haya," alisema. "Boga litagawanywa upya. Ruqia, angalia Ngong."

Ruqia alielekea jua, akakunja uso. Mama Kalunde alitembea kati ya watu akiwagusa na fimbo mabegani. "Apewe huyu?" "Hapana." "Huyu?" "Hapana." "Na huyu?" "Huyo apewe!"

Fimbo ilikuwa kwenye bega la Lemayian.

Lemayian alilizunguka boga polepole, akalipapasa mgongoni. "Sopa, Mheshimiwa," alilisalimu kwa Kimaasai, kwa upole mkubwa. Kisha akawageukia akina mama. "Sasa nyinyi mniambie, hii inakamuliwa wapi?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Hata Kathini alicheka, machozi yakiwa bado mashavuni.

"Mbolea ilitoka kwa ng'ombe wangu," Lemayian aliendelea, "kwa hivyo huyu ni ndama wetu. Lakini kwangu hakuna mtu anajua kumpika. Susu, ukimpika, mimi naleta maziwa, na tunakula sisi wote."

Hivyo ndivyo karamu ilivyoanza. Mama Ruqia alituma sufuria kubwa ya sherehe na mdalasini. Susu alilichemsha boga na kuliponda pamoja na maziwa, akiamuru kila mtu kama jemadari, na harufu ikawaleta hata wapita njia. Kathini ndiye aliyepakua, na kwa kuwa desturi ya shamba ni kwamba anayegawa huchukua mwisho, kwake kilibaki kilichokwanguliwa chini ya sufuria. Kilikuwa kitamu kuliko chochote alichowahi kula.

Mbegu zilioshwa na kuanikwa kwenye gunia, kila familia ikapata za msimu ujao.

Jumamosi iliyofuata mafungu yalipangwa tena. Kathini alikwenda kwa Mama Kalunde akiwa na leso ya mama yake mkononi.

"Kama bado mnanitaka," alisema kwa sauti ndogo, "nifungeni macho na hii."

Mama Kalunde aliichukua leso, akaikunja vizuri, akamrudishia.

"Sikiliza, Kathini," alisema, na safari hii hakuwa anatania. "Hatukugeuzi mgongo eti kwa sababu huwezi kuona. Mtu akitaka kuona ataona, hata kwa kivuli. Tunakugeuza kwa sababu tumekubaliana kwamba hapa hakuna anayejichagulia. Jua likikausha mboga, tutagawana hizo chache na tutaishi. Lakini tukikosa kuaminiana, shamba hili halitakuwa na kitu cha kugawana. Wewe ulirudi na ukasema ukweli, na boga mkononi, na hakuna aliyekuwa amekushika. Sasa nenda ukasimame."

Kathini alijifunga leso kiunoni. Aliyapa mafungu mgongo, akaelekea Vilima vya Ngong. Jua lilimpiga usoni mpaka macho yakamtoka machozi, naye hakuondoa uso.

"Hili la nani?" Mama Kalunde aliuliza.

"La Lemayian!" Kathini aliita kwa furaha, bila kujua ni fungu gani.