Boneti ya Benzi Nyeusi

Nina miaka thelathini na tano. Ni mwanamke aliyeachwa, na kazi yangu ni kung'arisha rangi za magari hapa Bujumbura. Wako watakaocheka wakisoma hivyo... Wacheke! Mimi nililia vya kutosha, sasa naeleza.

Kazi hii nilirithi kwa baba. Garaji yake ilikuwa mtaa wa Asiatique, uani, nyuma ya duka la vitambaa, na jina lake liliandikwa juu ya mlango. Baba aliniingiza kazini nikiwa msichana, kwa sababu hakuwa na mtoto mwingine. Alinifundisha kuiona mikwaruzo ile ya duara, myembamba kama nywele, inayoachwa na matambara machafu na kutanda kwenye rangi kama utando wa buibui. Kivulini huioni. Juani inakutukana!

Baba hakuificha. Aliisugua kwa dawa, kwanza ya kukwaruza, kisha laini, mpaka rangi yenyewe ikasawazika na tambara likatoka jeusi kwa rangi ya gari. Kisha alikuwa na desturi moja: hakumkabidhi mtu gari ila saa sita mchana, katikati ya ua. Alilipangusa kwa spiriti ya duka la dawa, mbele ya mwenyewe, ili kusibaki mafuta wala nta. "Angalia sasa," alisema. Basi.

Alikufa mwaka ule vita vilipoanza. Si kwa risasi. Ni homa tu, na siku ile njia ya hospitali haikupitika. Niliolewa na Hamisi, fundi wake, kijana wa maneno matamu. Nilimpenda, wasomaji wenzangu. Kwa nini niseme uongo?

Ukaja wakati wa ambargo, vikwazo vya nchi jirani, mipaka ikafungwa. Dawa ya kusugulia ikaadimika. Hamisi akapata nta nzito, ya kupaka na kufuta. Inajaza mikwaruzo kama unga unaojaza ufa, gari linang'aa kama kioo... mpaka lioshwe mara kadhaa kwa sabuni, au jua kali liiyeyushe.

Na vita vilimsaidia! Usiku watu walikatazwa kutembea, kwa hiyo wateja walikuja jioni, mbio mbio, wakitaka kufika nyumbani kabla ya giza. Nani angengoja jua la saa sita? Hamisi aliwakabidhi magari yao magharibi, chini ya paa. Nilipomgombeza, alinicheka. "We Zuhura, watu wanakufa huko Kamenge, we unalilia mikwaruzo?"

Haji Nasoro alikuwa mfanyabiashara wa mtaa wetu, na benzi yake nyeusi ndiyo iliyobeba maharusi wote wa jirani. Kila familia ilikuwa na picha ya binti yake akishuka kwenye gari lile. Safari hii alikuwa anamwoza binti yake mwenyewe. Hamisi alilichukua gari kuling'arisha wiki ambayo mimi nilikuwa Buterere kumuuguza shangazi. Likaoshwa na kuoshwa tena kabla ya harusi. Siku yenyewe, adhuhuri, bibi harusi akashuka mbele ya msikiti... na boneti nzima ikawa utando wa buibui! Watu wakanong'ona kwamba Haji amemtoa mwanawe kwa gari bovu.

Kesho yake alikuja garajini akifoka. Hamisi hakupepesa jicho.

"Apana Haji, mi sikukuwa hapa. Nilivuka kwa siri Uvira, kule Kongo, kutafuta dawa. Ni bibi yangu ndiye alifanya. Unajua mikono ya wanawake."

Bibi yangu! Yaani mimi! Wiki ile nilikuwa Buterere, lakini nani angeamini neno langu mbele ya la mume? Mume niliyelala naye, niliyempa garaji ya baba yangu...

Alasiri ukoo wa mume ukaniita kikaoni Buyenzi, kwa mama mkwe. Hakuniuliza ukweli. Aliujua.

"Funika bwana yako, mwanangu," alisema. "Mwanamke akikosa, watu wanasema ni mwanamke tu. Mwanaume akikosa, kazi inakufa. Utaomba radhi kwa Haji, utakaa nyumbani upike. Watu watasahau."

"Na jina la pale mlangoni, mama? Baba yangu nani atamfunika?"

Alirudia lile lile: niombe radhi.

Nilikwenda kwa Haji, lakini si kuomba radhi. Nilimwomba alete gari garajini saa sita. Akalileta, na nusu ya mtaa ikamfuata. Nikabandika utepe katikati ya boneti. "Hamisi," nikasema, "nionyeshe kazi nzuri. Upande huo wako, huu wangu." Angekataaje mbele ya watu?

Mimi nilifungua kopo la mwisho la dawa aliloacha baba. Hamisi alimaliza mapema, upande wake ukawaka. Wangu ulikuwa bado na ukungu. Wanaume wakapiga makofi.

"Ee Zuhura! Bwana yako amekushinda! Rudi ukasonge ugali!"

Nikasugua kwa mashine, nikafuta. Tambara langu likatoka jeusi. Lake lilikuwa jeupe pe.

Nilipomaliza, nikamkabidhi Haji chupa ya spiriti na kitambaa. Akapangusa upande wangu: haukubadilika. Akapangusa wa Hamisi... Mikwaruzo ikachomoza, mmoja baada ya mwingine, juani, mbele ya mtaa mzima.

"Hii ninaijua," Haji akasema taratibu. "Hii ilimshusha binti yangu msikitini."

Hamisi alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemsaliti. Akanitamkia talaka palepale, kwa sauti, kila mtu asikie. Kisha akaichomoa mashine ya kung'arishia, akaipakia kwenye mkokoteni, akaondoka. Nilikaa chini nikalia, sikuona haya.

Haji akagonga ule upande wa pili wa boneti. "Na huu, binti, nani atanimalizia?"

"Mimi."

"Mashine si imekwenda?"

"Mikono haijaenda."

Niliumaliza kwa mkono. Mabega yaliniuma hata nikashindwa kuinua sufuria, lakini niliumaliza.

Msidhani nilipambwa maua. Wako wanawake wasionisalimu hadi leo, eti nilimvua mume nguo hadharani. Wako wateja wasiotaka gari lao liguswe na mwanamke aliyeachwa. Usiku mwingine nyumba ni tupu, nami namkumbuka Hamisi yule wa mwanzo... Je, ningenyamaza? Apana!

Dada yangu unayesoma, wakikuita kikaoni wakuombe uibebe aibu isiyo yako, ondoka. Wataiita heshima, wataiita ndoa. Usikubali! Utafutwa kama nta siku ile ile jua litakapowaka, na kilichokuwa chini yako kitaonekana vilevile.

Jina la baba bado liko mlangoni. Gari lako, njoo ulichukue saa sita.