Miguu ya Shemasi Zablon

Zablon Nyamhanga ni fundi wa akala mjini Isebania. Huzikata kutoka matairi makuukuu ya malori. Watu wa Isebania huzivaa, na wa Sirare ng'ambo ya mpaka huzivaa pia. Ukinunua akala za Zablon, tairi itachakaa lakini mshono hautaachia.

Zablon pia ni shemasi wa kanisa la Waadventista. Yeye ndiye mtunza mabeseni. Kila robo ya mwaka waumini hushiriki Meza ya Bwana, na kabla ya mkate watu huoshana miguu wawili wawili. Wanaume wana chumba chao na wanawake chumba chao. Zablon huweka maji, hugawa taulo, kisha naye huvua viatu na kuoshwa kama wengine. Kazi hiyo ameifanya miaka kumi na tisa.

Miaka miwili iliyopita Zablon alianza kukojoa damu. Alipasuliwa, na figo ya kushoto ikatolewa. Ilikuwa na saratani. Jeraha lilipofunga, alisimama mbele ya kanisa.

"Wapendwa, nimepona," alisema. "Bwana ameung'oa ugonjwa na mzizi wake."

Watu walilia kwa furaha. Priscilla, mkewe, alilia kuliko wote.

Baada ya miezi minane kikohozi kilianza. Kwenye kliniki ya saratani kule Homa Bay, picha ilionyesha madoa kwenye mapafu. Saratani ya figo ilikuwa imesafiri ndani ya mwili. Daktari Marcella alimwandikia vidonge. Ameze kimoja kila siku kwa wiki nne, apumzike wiki mbili, halafu aanze tena.

"Nitameza mpaka lini, daktari?" Zablon aliuliza.

"Mpaka viache kukusaidia, mzee, ama mwili wako uvikatae. Haviondoi ugonjwa. Vinaushika, usikimbie mbele."

Zablon hakulipenda jibu hilo. Walipofika nyumbani alimwambia mkewe, "Kanisani wasijue. Nilishasema nimepona. Sasa niseme Mungu alidanganya?"

"Mungu hakudanganya, Baba Liz," Priscilla alisema. "Ni sisi tulikuwa na haraka."

"Nimesema wasijue."

Basi hawakujua.

Wiki ya tatu ya vidonge, viganja vya Zablon vilikuwa vyekundu. Kisu cha kukatia tairi kilimchoma kama sufuria ya moto. Nyayo zake zilivimba, zikaanza kuchubuka. Nyusi zake zikawa nyeupe, na sokoni wakamtania, "Fundi, leo umechungulia mashine ya unga?" Alicheka nao. Nyusi hazikumsumbua. Aliogopa miguu.

Isebania ina maneno yake. Mtu akioza miguu, watu husema amekanyaga kitu. Maana yake kuna adui aliyemtegea uchawi njiani. Watu wa kanisa husema kwamba hawaamini mambo hayo. Nao huyasema, ila kwa sauti ya chini.

Zablon aliangalia kalenda ya kanisa ukutani. Sabato ya kuoshana miguu ilikuwa karibu. Alifikiri peke yake, akaamua peke yake. Aliacha vidonge.

Nyayo zilipona. Sabato ilipofika, alivua viatu akaoshwa, na hakuna aliyeona kitu. Ladha ya chakula ikamrudia. Akakata tairi mbili kwa asubuhi moja. Akajiambia, "Kumbe kinachoniua ni hivi vidonge!"

Hapa Zablon alikosea, na tuseme wazi. Dawa ilimuumiza, kweli. Lakini maumivu ya dawa yalimpigia kelele, na ugonjwa ulikaa kimya. Yeye akamsikiliza mwenye kelele. Wiki mbili za kupumzika zikawa tano, zikawa nane, zikawa kumi na moja. Nesi wa kliniki alipopiga simu kuuliza, Zablon alijibu, "Nameza." Vidonge vilikuwa kibandani pake, ndani ya mkebe wa misumari, chini ya bati linalowaka jua la mchana.

Kisha kikohozi kikarudi, na nyonga ya kulia ikaanza kuuma. Hofu ikamwingia. Akautoa ule mkebe, akawa anameza vidonge viwili kila siku ili alipie alivyoruka. Mwishoni mwa wiki ya pili hakuweza kukanyaga chini. Siku iliyofuata ilikuwa Sabato, na Meza ya Bwana ilikuwa imefika tena.

Zablon alivaa soksi nzito na viatu vya kufunga. Alipanga ajishughulishe na maji mpaka watu wamalize. Lakini kulikuwa na muumini mgeni, Caleb, Mluo aliyestaafu unesi kule Mbita, sasa anauza nafaka Isebania. Caleb alimwona akizunguka na ndoo, akichechemea.

"Shemasi, na wewe unaoshwa na nani?" Caleb aliuliza. "Weka ndoo. Keti hapa."

"Wacha, ndugu yangu. Mimi nitaosha nikifika nyumbani."

"Petro pia alikataa. Keti."

Watu walicheka, na Zablon akakosa pa kupita. Aliketi. Caleb alipiga magoti, akavuta kiatu, akashika soksi. Soksi ilikuwa imegandamana na mguu. Ilipotoka, ilitoka na ngozi. Zablon aliuma midomo, lakini sauti ilimponyoka.

Kila mtu aligeuka kutazama. Kisha mtu mmoja akanong'ona, "Amekanyaga kitu."

"Hakuna kitu amekanyaga," Caleb alisema bila kugeuka. "Endeleeni na ibada." Alifunika miguu ile kwa taulo, akamshika Zablon mkono, akampeleka chumba kidogo cha kuwekea mabeseni. Akatuma Priscilla aitwe, kisha akafunga mlango.

"Omera, ndugu yangu, niambie ukweli," Caleb alisema polepole. "Unameza vidonge vya saratani?"

Zablon alimtazama mkewe. "Ndiyo."

"Nimeona miguu kama hii nikiwa kazini. Hizo dawa hazikai kama ile ya dripu. Zinalenga. Uvimbe wa saratani unakula kwa damu. Dawa inafunga njia za damu zinazoulisha. Ni kama kufunga mfereji ili magugu yakose maji. Sasa, nyayo na viganja vina mishipa midogo sana, na wewe unaikandamiza kila siku, kwa kukanyaga na kwa kushika kisu. Dawa inaifikia hiyo pia. Ndiyo maana inauma hapo."

"Kwa hivyo si sumu?"

"Si sumu, na si uchawi. Lakini haifai kufika hivi. Unameza ngapi kwa siku?"

Zablon aliangalia sakafu. "Mbili."

"Mbili!" Priscilla alishtuka. "Si daktari alisema moja?"

Ndipo Zablon akasema yote. Kalenda, mkebe wa misumari, wiki kumi na moja. Priscilla aliketi juu ya beseni lililopinduliwa.

"Nakupikia," alisema. "Nakuombea. Nawadanganya watu kwa sababu umeniambia nidanganye. Na wewe unaficha uhai wako kwa misumari?"

Zablon aliona haya, na haya ile ilimuuma kuliko nyayo.

"Wahenga walisema, mficha maradhi..." Caleb alianza.

"Usimalize," Zablon alisema. "Naijua inakoishia."

Jioni Caleb alikuja nyumbani na mashine ya kupimia presha. Ilisoma mia moja sabini na nane kwa mia moja na nane.

"Dawa hii pia inapandisha presha, na mtu hasikii kitu," alieleza. "Usimeze tena mpaka daktari akuone. Nimempigia nesi wa kliniki, na amesema hivyo hivyo. Jumatatu asubuhi wanakungoja. Na usiku huu kichwa kikiuma sana, ama kifua, ama utoe damu, tusingoje Jumatatu. Mniite tukimbie hospitali."

Jumatatu walikwenda Homa Bay wote watatu. Daktari Marcella hakumkemea Zablon. Aliosha nyayo zake, akazifunga, akaagiza picha mpya. Picha ilipotoka, aliwageuzia waione.

"Madoa ya mapafu yamekua," alisema. "Na kuna jipya, kwa mfupa wa nyonga."

Priscilla alifunika uso kwa leso.

"Ni kwa sababu niliacha?" Zablon aliuliza.

"Siwezi kuapa, mzee. Lakini kwa wiki kumi na moja huo ugonjwa ulikuwa peke yake, hakuna kitu kinaushika. Hizo wiki siwezi kukurudishia."

Maneno hayo yalikuwa mazito, na yalikuwa ya kweli. Zablon alilia mbele ya daktari, mzee mzima, wala hakujificha.

"Ungeniambia miguu inauma, ningekusaidia," daktari alisema. "Tungesimamisha kidogo, halafu turudi na kipimo cha chini. Hiyo ni kazi yangu mimi. Wewe kazi yako ni kuniambia mapema, siku ngozi inaanza kuwa nyekundu. Tumesikizana?"

"Tumesikizana."

"Ukisahau kidonge, usilipe. Meza kile kimoja cha siku inayofuata. Vile vya mkebe vilete hapa, vimekaa kwa joto. Na kama kuna mizizi unachemsha nyumbani, niambie pia, kwa sababu ingine inagombana na dawa."

Zablon alikohoa. "Kuna moja. Nitaacha."

Alipewa dawa ya presha. Alipangiwa mionzi ya kutuliza maumivu ya nyonga. Vidonge vya saratani vilingoja nyayo zipone, kisha akaanza tena kwa kipimo cha chini.

Maisha ya nyumba ile yakabadilika. Asubuhi Zablon aliosha miguu kwa maji yasiyo moto, akaikausha kwa kuigusa tu bila kusugua. Asubuhi na jioni Priscilla alimpaka krimu aliyoandikiwa na daktari, nyayo na viganja. Malengelenge yakitokea, hawakuyatoboa. Vidonda vya mdomo alivisukutua kwa maji ya chumvi. Kila akimeza kidonge alitia alama kwenye ile kalenda ya kanisa, na pembeni Priscilla aliandika presha ya siku hiyo.

Kibandani, Priscilla alichukua kisu cha kukatia tairi. Wanaume wa sokoni walicheka. "Mama, hiyo ni kazi ya wanaume!"

"Tairi haijaniuliza," Priscilla alijibu, akaendelea kukata.

Zablon aliketi na kushona tu. Sindano aliizungushia sponji mahali pa kushikia. Alijitengenezea akala pana, zenye sponji ndani, zisizobana popote. Kuna siku alishona jozi nzima. Kuna siku alilala mkekani nyuma ya kibanda, amechoka kama aliyelima shamba la watu kumi, na Priscilla akauza peke yake.

Baada ya miezi mitatu walirudi kupigwa picha. Daktari Marcella aliweka ya zamani na mpya pamoja.

"Haijapungua," alisema. "Lakini haijakua. Imesimama."

"Itasimama kwa muda gani?" Zablon aliuliza.

"Sijui. Pengine miezi, pengine zaidi. Ikianza tena kutembea, tutaangalia dawa nyingine. Sitakudanganya."

"Hata mimi sitakudanganya tena," Zablon alisema.

Sabato iliyofuata ilikuwa ya Meza ya Bwana. Kabla ya watu kugawanyika kwenda vyumbani, Zablon aliomba nafasi ya kusema. Alisimama na akala zake pana, miguu ikionekana, myekundu hapa na myeusi pale.

"Wapendwa, nilisimama hapa nikasema nimepona. Sikupona. Saratani iko kwa mapafu yangu na kwa mfupa. Nilinyamaza kwa sababu ya aibu, nikaacha dawa kwa sababu ya hii miguu, ili msiione. Ugonjwa ukakua. Nilichokanyaga ni uongo wangu mwenyewe. Leo nameza dawa, na Mungu ananiona nikimeza. Ni hayo tu."

Hakuna aliyesema amina. Watu hawakujua kama inafaa. Kisha Caleb akainuka, akachukua beseni, akampigia magoti shemasi wake. Aliosha ile miguu kwa maji baridi, polepole kama anavyooshwa mtoto mchanga. Walipobadilishana zamu, Zablon alitaka kusugua miguu ya Caleb kwa nguvu kama zamani.

"Mimina tu," Caleb alimwambia. "Viganja vyako navyo ni vya kutunzwa."

Watu walipotoka, Nyamoita, anayeuza ndizi karibu na stendi, alikuwa anamngoja mlangoni. Alimvuta Zablon na Priscilla kando.

"Shemasi," alisema kwa sauti ndogo, "mume wangu anakojoa damu tangu mwezi wa pili. Amenikataza kusema. Anasema itaisha."

"Hata mimi nilisema itaisha," Zablon alisema. "Inaweza kuwa kitu kidogo. Lazima apimwe ndiyo tujue. Yuko nyumbani?"

"Yuko."

"Twende."

"Sasa hivi? Na hiyo miguu yako?"

"Ndiyo ninataka aione."

Priscilla alimshika mume wake upande wa nyonga inayouma. Walishuka njia ya sokoni, na Nyamoita aliyezoea kutembea haraka akapunguza mwendo, ili shemasi asiachwe nyuma.