Hanifa Akataa Kompyuta Yake Kupigwa Window

Hanifa ana duka la steshenari karibu na stesheni ya Manyoni. Kila asubuhi hufuta vumbi kwenye kompyuta, huchapa barua za watu na kutoa kopi. Jioni, wateja wakiisha, alikuwa akimwita bintiye Radhia. Wote wawili walisikiliza kwenye kompyuta hiyo sauti ya marehemu mumewe, Kitwana, akisoma sura fupi za Kurani. Kitwana alijirekodi alipokuwa mgonjwa, ili mwanawe asikose wa kumfundisha.

Hanifa hakujua kukataa. Jirani akija na flashi yenye kaswida au video ya harusi, aliichomeka papo hapo. Jirani hanyimwi. Basi virusi navyo vikakaribishwa kama wageni wengine.

Kompyuta ikaanza kusuasua. Shemeji yake, Shamte, alikuwa na dawa moja kwa kila ugonjwa wa kompyuta.

"Ipigwe window tu, shemeji. Itakuwa mpya."

Fundi akaja, akaipiga window. Yaani alifuta vilivyokuwemo, akaweka mfumo upya. Kweli ikawa mpya, tena tupu. Sauti za Kitwana zilikwenda. Ilibaki moja tu, kwa sababu ilikuwa sehemu nyingine ya diski.

Hanifa hakujifunza. Flashi za majirani ziliendelea kuingia, na virusi vikarudi. Siku moja alifungua folda ya Kitwana, akakuta haina kitu. Alikaa sakafuni akalia. Aliona amemzika mumewe mara ya pili, safari hii kwa mikono yake mwenyewe.

Shamte alipofika, alisema yaleyale. "Ipigwe window, shemeji."

"Ukiigusa, Shamte, tutakosana."

Jirani yao Rahel, mwalimu wa kompyuta wa sekondari, alisikia kilio akaingia.

"Mwalimu, nimekwisha," Hanifa alisema. "Radhia ameanza kusahau sauti ya baba yake."

"Pole, mama Radhia. Usihifadhi kitu kingine humo. Nakuja."

Alirudi na flashi. "Humu kuna Linux," alieleza. "Ni mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, na hutolewa bure. Tutauwasha kutoka kwenye flashi. Hatufuti kitu."

"Nitauweza wapi mimi?"

"Barua utachapa, na printa ni ileile. Shika kipanya mwenyewe."

Rahel akaketi, mikono mapajani. Hanifa alibonyeza alivyoelekezwa.

"Virusi vingine huficha mafaili bila kuyafuta," Rahel alisema. "Huku tunaweza kuyaona. Sasa fungua folda ya baba Radhia."

Faili likaonekana. Hanifa akakisogelea kioo.

"Na yale mengine, mwalimu?"

"Yale yalifutwa siku ya window. Linux si muujiza, sitakudanganya. Hili linakili kwanza. Nakala moja ikae kwako, nyingine kwa Shamte. Kitu cha thamani hakikai mahali pamoja."

Shamte akainama.

Rahel hakumbadilishia mfumo wa kompyuta siku hiyo. Alimwacha aizoee Linux kwenye flashi kwanza. Picha ndogo za kufungulia kazi aliziweka palepale Hanifa alipozoea kuziona. Hata hivyo Hanifa alitaabika. Mara nyingi alitaka kuacha, na kimoyomoyo alimlaani Rahel. Lakini Rahel alipita kila jioni, akasubiri, hakumnyang'anya kipanya. Barua zilipoanza kutoka bila msaada, Hanifa mwenyewe akasema, "Sasa iweke moja kwa moja." Walinakili kila kitu, ndipo Rahel akaiweka.

Sasa kompyuta haigomi. Majirani bado huleta flashi, lakini Hanifa hafungui faili asilolijua, hata la rafiki.

Jioni moja alimwita Radhia, wakafungua ile sauti iliyobaki. Kitwana alisoma polepole. Katikati ya sura akakohoa sana.

"Baba amechoka," sauti ilisema. "Tutamalizia kesho, mwanangu."

Rekodi ikaishia hapo.

"Mama, ya kesho iko wapi?"

"Haipo. Ilifutwa."

Radhia aliendelea kutazama kompyuta. Hanifa akamvuta mtoto karibu, akaanza kuzisoma aya zilizobaki yeye mwenyewe, akikosea na kurudia.