Nilimkataza Mwanangu Kumwita Mama Mdogo

Nina miaka arobaini na moja, ni mke wa mtu na mama wa binti mmoja. Naishi Thorncliffe Park, hapa Toronto, lakini kwetu ni Tanga. Wanaonifahamu watawaambia Mama Zuhura ana mdomo, na kweli ninao… Leo naomba niwasimulie mdomo huo ulivyoniponza.

Miaka mitatu iliyopita mdogo wangu Saumu alipata nafasi ya kuja kusoma chuo huku, akafikia kwangu. Alikuwa ametoka kuachwa na mumewe kwa sababu hakushika mimba. Masikini, alikuja amekonda, hacheki. Mimi nahudumia wazee zamu za jioni, na mume wangu Hamisi ni dereva wa lori. Sasa nani alikuwa anamchukua Zuhura shuleni? Saumu. Nani alimsuka, akamlisha, akamlaza? Saumu. Nilimwambia mwenyewe, tena mbele ya Hamisi, kwamba mama mdogo ni mama, huyu mtoto ni wako pia. Kwetu ndivyo tulivyolelewa.

Wivu wangu ulianzia kwenye lugha, jamani. Nikimsemesha Zuhura Kiswahili, ananijibu Kiingereza, kama watoto wengi wa huku. Nikajisemea ndiyo hali, nifanyeje? Siku moja nikarudi kazini mapema, nikawasikia kibarazani wanatazama ndege zinazoshuka kwenda kutua. Mtoto anabishana kwa Kiswahili, anacheka! "Hebu nipishe nione miye," anamwambia Saumu, utadhani kazaliwa Tanga. Nikasimama mlangoni na viatu vyangu mkononi. Kumbe Kiswahili anacho… ila si cha kwangu.

Tangu siku hiyo kila kitu kiliniuma. Wakinong'ona, naumia. Wakisukana, naumia. Nikimuuliza mtoto jambo akamtazama Saumu kwanza, roho inanichoma.

Basi Hamisi akaazimwa kempa na mwenzake wa kazini anayekaa Richmond Hill, lile gari kubwa lenye vitanda na jiko ndani. Akasema tumpeleke Zuhura kwenye maonyesho ya ndege, mji mmoja ulio mwendo wa saa chache kutoka hapa, tulale hukohuko. Nikajiambia safari hii mwanangu atarudi kwangu. Nikaomba ruhusa kazini, nikapika pilau, nikakaanga sambusa. Tena nikajaribu kumwacha Saumu, nikasingizia kwamba ana mitihani. Zuhura akalia mpaka akatapika, ikabidi Saumu aje.

Njiani pilau langu halikuguswa. Mama mdogo alikuwa amebeba vitumbua, nani ana habari na pilau? Nikafunika sufuria, nikatazama nje ya dirisha, na Hamisi akawa ananichungulia kwenye kioo.

Tulipofika, mama mmoja Mfilipino wa kempa ya jirani alikuja kutusalimu. Mchangamfu kwelikweli. Akamsifu Saumu kwamba yeye na binti yake wamefanana macho na pua. Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza kama mimi ndiye anti wa mtoto. Saumu alimsahihisha upesi, na mama wa watu akaomba radhi. Mimi nikacheka… Nyie, nilicheka! Ndani nawaka moto.

Saa ya maonyesho ilipofika, Zuhura alikuwa amesimama mbele yetu, peke yake kwenye nyasi. Ndege za kivita zikatokea nyuma yake, chinichini, kwa mlio ambao sijawahi kuusikia. Mtoto akapiga yowe, akaziba masikio, akageuka na kukimbia kutujia. Nikapiga magoti, nikafungua mikono yangu yote miwili. Akanipita! Alinipita karibu hata bega lake likanigusa, akaenda kujitupa kifuani kwa Saumu.

Nilibaki nimepiga magoti, mikono wazi. Yule jirani akatazama pembeni.

Nilipoinuka walikuwa wameshaondoka, nikawakuta ndani ya kempa. Saumu alikuwa amempakata mtoto kati ya magoti yake, anamsuka upya huku anambembeleza. Hamisi aliniona uso, akanishika mkono, akanisihi nitoke kwanza nikapigwe na upepo. Nikauvuta mkono wangu.

"Kuanzia leo humwiti mama mdogo," nilimwambia Zuhura. "Mwite anti. Wenzako wote huku wana anti." Kisha nikamgeukia mdogo wangu. "Na wewe, ukitaka wa kukuita mama, zaa wako."

Saumu, aliyeachwa kwa kukosa mtoto! Mimi dada yake, niliyejua kila kitu, ndiye niliyemwambia hayo. Hakulia. Alimalizia msuko uliobaki, akaufunga ncha, akamfuta mtoto mafuta shingoni.

"Sawa, dada," alisema.

Wakati wa kurudi, Zuhura alisikia kiu. Akanitazama mimi kwanza, kisha akamwomba anti maji, kwa Kiingereza. Na mimi, mpumbavu mkubwa, nikahisi nimeshinda.

Kabla baridi haijaanza na majani ya miti kupukutika, Saumu akahama, akaenda kuishi na mwenzake wa chuo North York. Mtoto sasa ninaye mwenyewe. Namsuka, analia kwamba namvuta. Nikimsemesha, ananijibu kwa heshima, kwa kifupi, kwa Kiingereza. Kiswahili kimeondoka nyumbani kwangu na Saumu. Nimemwambia Zuhura anaruhusiwa kusema mama mdogo kama zamani. Akaniuliza kama nitamkasirikia tena anti.

Dada zangu mnaolelewa watoto na ndugu zenu, nawaomba kwa machozi yangu. Mtoto akimkimbilia mwingine, mshukuruni Mungu kwamba ana pa kukimbilia. Lieni chooni, mnawe uso, mtoke. Msifungue midomo yenu kama mimi…

Saumu nimemwangukia, na amenisamehe. Hana kinyongo, hunipigia kila Jumapili, tunaongea na kucheka. Juzi nilimsihi arudi, au angalau amtembelee mtoto. Akaniambia ana kazi nyingi za chuo.

"Msalimie Zuhura," alisema. "Mwambie anti yake anamsalimia."