Marahaba ya Kitanda cha Juu

Naomba radhi mapema, kabla hamjanizomea: hadithi hii nitaisimulia vibaya. Nitacheka mahali pa kuogopa, nitaogopa mahali pa kucheka, na pengine nitaikata katikati kama mtu aliyekumbuka kuwa kaacha sufuria motoni. Kwangu kuna mzee, na mzee huyu akiita sharti niitike. Mkiona nimenyamaza ghafla, jueni nimetumwa. Haya, tuendelee kabla hajaamka.

Shemeji yangu, aliyemwoa dada yangu, ni fundi makochi, na ana adabu ya kupitiliza. Huwaamkia watu wazima, na huziamkia picha za watu wazima zilizotundikwa ukutani. Nimewahi kumwona kwa macho yangu akiiambia mashine ya kutolea pesa "asante, mama," kwa sababu tu ilimsemesha kwa sauti ya kike. Adabu hiyo ndiyo iliyomponza.

Binti yake wa kwanza alikuwa anaolewa huku kwetu, jiji kubwa. Dada na bibi harusi walishafikia kwangu. Fundi alibaki nyuma akimalizia kochi la mteja, akaingia mjini jioni, na ndoa ni kesho yake mchana. Nikamwambia aje alale kwangu. Akasema nyumba yangu imejaa mashangazi kuanzia sebuleni hadi jikoni, na pale pasipo na shangazi pana mdomo wangu, naye anataka usingizi. Akaenda kutafuta hosteli ya bei nafuu karibu na stendi.

Dada wa mapokezi alimpa ufunguo, lakini upande wake hakuuachia.

"Baba, samahani. Wewe ni mtu wa salamu sana?"

"Salamu ni adabu, mwanangu."

"Najua. Humu ndani punguza." Akatazama ngazi, akashusha sauti. "Ukifika chumbani, lala. Mtu usiyemwona uso, usimwamkie."

Fundi akacheka. Akajisemea, ndiyo mambo ya mjini hayo, watu wanaishi kama kuku wa kisasa, kila mmoja na banda lake. Akapanda ngazi akisikitikia malezi ya siku hizi.

Chumba kilikuwa na vitanda vya chuma vya ghorofa, na wageni walikuwa wamejirundika upande wa dirishani. Kwenye kitanda kimoja wanaume wawili wazima walilala mzungu wa nne, nyayo za huyu kwenye pua ya yule, na upande wa pili pana kitanda cha chini kitupu, shuka safi, mto umenyooshwa. Fundi akajiuliza nafasi nzuri namna ile wanamwachia nani. Akajijibu kwamba wanamwachia yeye.

Kitanda cha juu yake kilikuwa na mtu. Alijifunika blanketi la kijivu gubigubi, kageukia ukuta. Hewa ya pale ilinuka kafuri, ile harufu ya nguo zilizokaa sandukuni mpaka aliyezishona kasahaulika.

"Shikamoo, mzee," akasema Fundi.

Chumba kizima kikanyamaza. Hata aliyekuwa anakoroma aliacha kukoroma. Muuza makava ya simu, jamaa wa makamo aliyelala na viatu vyake, akainuka kwa kiwiko.

"Umesema nini wewe?" akanong'ona.

"Nimemwamkia mzee."

"Yule sisi hatumwamkii!"

"Kwa nini?"

Jibu lilitoka juu, polepole, kama maji yanayopita kwenye bomba lenye kutu: "Maraa... haba."

Muuza makava akachukua mto wake, akateremka. Alipompita Fundi akamwinamia sikioni. "Sasa wewe ni mtoto wake, kaka. Na mtoto wa yule haondoki mpaka apewe ruhusa." Akaenda kulala kwenye korido.

Fundi akajilaza chali. Sasa, fundi makochi hujua uzito kwa macho. Mwonyeshe kochi lako atakwambia nani hukalia upande gani na nani amezidisha wali. Akaangalia chaga za kitanda cha juu. Alipoingia, godoro lile lilikuwa limenyooka kama jipya, kana kwamba aliyejifunika pale hana uzito, angeapa. Sasa lilikuwa linabonyea. Lilibonyea katikati, likabonyea kichwani, likabonyea miguuni, na ule uzito ulipofika mwisho wa kitanda haukuishia hapo, maana chuma cha nyuma nacho kililia kama kinaegemewa, kisha ukuta. Mwingine angetoka mbio kwa suruali ya ndani. Shemeji yangu aliona si heshima kumkodolea mzee godoro. Akafumba macho.

Asubuhi alikuta wenzake wote wameondoka, viatu mkononi, bila kumuaga mtu. Akaoga, akavaa suti, akapiga tai. Akabeba begi. Mkono ulipogusa kitasa, akaulizwa.

"Unakwenda wapi?"

"Harusini, mzee. Namwozesha binti yangu leo mchana. Naomba ruhusa."

"Kaa kwanza."

Wazee wa namna hiyo sote tunawajua. Unaaga, unaambiwa kaa kwanza, unaulizwa hali za nyumbani, unaondoka. Fundi akakaa, au tuseme magoti yake yalikunjana yenyewe, akasubiri kuulizwa hali za nyumbani. Hakuulizwa. Jua likatoka dirishani likahamia ukutani.

Simu ikalia.

"Baba, uko wapi?" Ilikuwa sauti ya bibi harusi.

"Nipo, mama. Naaga."

"Unamuaga nani saa hizi? Watu wamefika. Bila wewe hawafungi, baba, si unajua?"

"Nakuja, mama. Nakuja."

"Niletee maji," ikasema sauti ya juu.

Fundi akainuka haraka, akashukuru moyoni, akachukua kikombe. Bomba lilikuwa mwisho wa korido, na ngazi ziko pembeni yake, na chini ya ngazi mlango wa mbele uko wazi kabisa, jua linaingia, pikipiki zinapiga honi, mtu anamtukana mtu kwa sauti nzuri ya mchana. Akaweka kikombe chini, akashuka kidato cha kwanza. Miguu ikageuka. Akashika ukingo wa ngazi kwa mikono yote miwili, na miguu ikavuta, na vidole vyake akavitazama vikiachia kimoja kimoja kana kwamba ni vya mtu mwingine.

Bombani palikuwa na mzee mwenye dekio na ndoo, nywele nyeupe kama pamba.

"Ulimwamkia," akasema yule mzee, bila kumtazama.

"Nilimwamkia."

"Hata mimi. Nilikuja kulala siku moja tu, asubuhi nikafanye usaili wa kazi."

"Kazi ulipata?"

Mzee akainua dekio kidogo. "Hii."

"Lini hiyo, mzee wangu?"

"Nilikuwa sijaoa bado," akasema, akaendelea kudeki pale pale palipokwisha kudekiwa.

Fundi akarudi na maji. Kikombe kikapokelewa juu, hakuona na nini, kikarudi kitupu na baridi kama kimetoka kwenye friji.

"Nikune mgongo."

"Mzee, nimechelewa. Naomba..."

"Mgongo unaniwasha."

Akasimama ukingoni mwa kitanda chake, akapenyeza mkono chini ya blanketi la kijivu, na vidole vikakuta ngozi kavu, ya baridi, yenye chembechembe kama ukuta uliobanduka rangi, akaanza kukuna. "Chini kidogo," ikasema sauti, naye akashuka. "Chini tena," akashuka, akatafuta kiuno asikipate, kwa maana mgongo ule ulikuwa unaendelea, pingili baada ya pingili, na mkono wake umeshaingia hadi kiwiko, hadi bega, shavu lake limegusa blanketi na kafuri imemjaa kooni, na bado anaambiwa chini, chini, pale mtu mwingine angekuwa na mapaja palikuwa na mgongo, pale pangekuwa na nyayo palikuwa na mgongo, na vidole vyake, vilivyokwisha kupita mwisho wa kitanda na vilivyopaswa kuwa ndani ya tofali, vilikuwa vinakuna tu, kwa utaratibu, kama vimezaliwa kwa kazi hiyo.

Simu ikalia tena. Akaipokea kwa mkono uliobaki.

"Baba." Binti alikuwa analia kimyakimya, kile kilio cha kuogopa kuharibu wanja. "Mfungisha ndoa ana ndoa nyingine mbele. Amesema akimaliza chai yake anaondoka."

"Kikombe kikubwa au kidogo?"

"Baba!"

"Mwambie mjomba wako amwongezee. Amsimulie hadithi."

Na kweli nilimsimulia. Lakini msiniingize mimi kwanza.

Fundi akaweka simu mfukoni. Machozi yalikuwa yanamtoka, na mkono unaendelea na kazi.

"Tulia, mwanangu," ikasema sauti ya juu, kwa upole. "Hapa ni nyumbani."

Lile "mwanangu" likamshtua. Akaacha kulia. Akalirudia polepole, kwa mnong'ono.

"Umeniita mwanao, mzee?"

"Uliniamkia. Wewe ni mwanangu."

"Kwa hiyo binti yangu ni mjukuu wako."

"Mjukuu wangu."

"Basi wewe babu gani?" Sauti ya Fundi ilikuwa inatetemeka, lakini aliisukuma hivyo hivyo, kama mtu anayesukuma gari bovu. "Mjukuu ndiye mke wa babu, dunia nzima inajua. Mkeo anaolewa leo na fundi umeme, kijana ana masikio kama vishikio vya sufuria, na wewe mwenye mali umejifunika blanketi! Hata wivu huna? Au uzee umekumaliza?"

Alisema hivyo akafumba macho kungoja kuvunjwa shingo.

Kitanda kikaanza kulia, springi moja, ya pili, halafu zote kwa pamoja, na ilimchukua Fundi muda kutambua kwamba kile ni kicheko. Blanketi likasogea. Mguu ukashuka. Ukashuka ukapita paji la uso wake, ukapita kifua, ukapita magoti, kisigino kikagusa sakafu bila sauti, na goti lake bado liko juu, ndani ya blanketi.

"Nani anamchukua mke wangu?"

"Njoo umwone mwenyewe, babu. Lakini baba mtu sharti atangulie. Ruhusa?"

Pikipiki ilipita nje. Ikapita nyingine.

"Ruhusa. Tangulia. Nakuja."

Fundi hakushuka ngazi, alimwagika nazo. Alipompita dada wa mapokezi akasikia, "Baba! Umempa nini?" Hakujibu. Baba anayekimbilia harusi hasimamishwi, na isitoshe alikuwa hajapata muda wa kujiuliza.

Alifika harusini mkono wa kulia wa suti umejaa vumbi jeupe hadi begani, akamkuta mfungisha ndoa yuko kwenye tone la mwisho la kikombe cha tatu. Akamshika binti yake, ndoa ikafungwa, mashangazi wakapiga vigelegele. Fundi akacheka, akalia, akakumbatia watu asiowajua. Ndipo wakati wa kula, katikati ya harufu ya wali na nyama, pua yake ikakamata kafuri.

Akatazama viti. Nyuma kabisa, kivulini, kiti kimoja cha plastiki kilikuwa kimetanua miguu yake yote minne, karibu kupasuka, kwa uzito ambao fundi makochi yeyote angeutambua. Aliyekikalia alijifunga blanketi la kijivu kama shuka. Alikuwa anatabasamu na kupiga makofi nje ya mdundo.

Fundi akanijia.

"Shemeji. Yule mzee nani amempokea?"

"Babu mrefu yule? Si wa upande wa bwana harusi?"

"Umemwamkia?"

"Sasa nimwache mzee wa watu amesimama getini?"

Shemeji yangu akaniangalia kwa huruma ambayo sijawahi kuiona kwake. Kisha akamchukua mkewe, hakusubiri hata keki, wakarudi kwao. Yeye ruhusa alishapewa. Bibi harusi naye salama, kwa mumewe. Babu alimtazama kijana, akaridhika na masikio. Dada wa mapokezi anasema kitanda cha juu siku hizi kimenyooka, na yule mzee wa dekio alitoka mchana ule ule, akasimama juani barabarani, akawa anauliza wapita njia ofisi ya usaili iko wapi.

Mzee yuko kwangu, juu ya kabati la nguo. Nilimleta mganga mwenye sifa zake, kaja na mkoba na ukali wote, akafungua mlango wa chumba, akaona nywele za mvi, akasema, "Shikamoo." Sasa tuko wawili, yeye anateka maji, mimi nakuna.

Jamaa wananiambia nimlaumu Fundi. Nitamlaumuje? Yeye alimwalika harusini, shughuli ya mchana mmoja. Aliyemshika mkono pale getini, akamtafutia kiti, akacheka naye, kisha jioni akamwambia, "Babu, usihangaike na mahoteli, twende kwangu ukae mpaka uchoke," ni mimi huyu huyu, na mzee hajachoka.